Joyce wa Johannesburg, Joyce wa London

Rafiki yangu tunayekaa naye keja moja hajui mambo ya jazi, na hataki kujua. Usiku mmoja stima zilikuwa zimepotea, simu yangu imebaki na chaji kidogo, na mimi badala ya kulala nilikuwa nacheza wimbo mmoja tena na tena. Kwanza vile ulivyorekodiwa Johannesburg mwaka wa 1959, halafu vile ulivyorekodiwa London mwaka wa 1961. Wimbo ni ule ule, "Back of the Moon", na mchezo wa jukwaani ulikotoka ni ule ule. Nilidhani amelala. Kama mara ya tatu hivi akageukia ukuta, akauliza, "Na huyo dem wa kwanza alienda wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja nikashindwa.

Kwanza tutoe jina njiani, juu najua unachofikiria. King Kong ninayemzungumzia si yule sokwe wa sinema anayepanda maghorofa ya New York. Ni Ezekiel Dlamini, bondia wa uzito wa juu aliyetoka Natal akaja kutafuta maisha Johannesburg, na hilo jina la sokwe akalivaa mwenyewe kama mkanda wa ubingwa. Alikuwa mtu wa mikwara. Mtaani walimpenda, walimwogopa, walimcheka. Mabondia weusi hawakuruhusiwa kupigana na weupe, kwa hivyo hata ungekuwa mkubwa namna gani, ukubwa wako uliishia kwenye ua walilokujengea. Nyota yake ikaanza kushuka, na mwisho akamuua mpenzi wake. Mahakamani alimwomba jaji amhukumu kifo. Jaji akampa miaka mingi ya kazi ngumu. Mwaka huo huo wa 1957, akiwa mfungwa kwenye shamba la jela la Leeuwkop, alizama bwawani, na wengi waliamini alijitosa mwenyewe.

Mwandishi mmoja wa gazeti la Drum aliifuatilia kesi hiyo. Aliitwa Todd Matshikiza. Alikuwa mpiga piano, mtunzi wa nyimbo za kwaya, na safu zake za muziki aliziandika kwa Kiingereza alichokipinda alivyotaka, hadi wenzake kazini wakakipa jina, Matshikese. Ukiona vijana wa Nairobi wanaandika kama wanavyoongea ukadhani ni kitu cha juzi, ujue Drum ilikuwa na toleo lake la Afrika Mashariki, na ilisomwa hapa kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Es'kia Mphahlele, aliyekuwa mhariri wa hadithi katika Drum hiyo hiyo, alikuja kuishi Nairobi miaka ya sitini akaanzisha kituo cha sanaa kikaitwa Chemchemi. Hawa watu hawako mbali na sisi hivyo.

Matshikiza ndiye aliyetunga muziki wa King Kong. Maneno ya nyimbo aliyaandika zaidi Pat Williams, hadithi ikaandikwa na Harry Bloom, Leon Gluckman akaongoza, na mandhari ya jukwaa yakachorwa na Arthur Goldreich. Goldreich ndiye yule aliyekuja kujifanya mzungu tajiri wa shamba la Liliesleaf wakati Mandela amejificha humo kama kibarua, lakini hiyo ni makala nyingine. Ukihesabu utaona kitu: waigizaji wote weusi, wapiga vyombo weusi, mtunzi mweusi, na karibu kila mtu mwingine mwenye kauli ni mweupe. Matshikiza mwenyewe, katika kitabu chake Chocolates for My Wife cha 1961, anasimulia ndoto mbaya alizokuwa akiota wakati kazi inatayarishwa, amezungukwa na watu weupe wanaogeuka majitu. Aliwaheshimu, alifanya kazi nao, na bado usiku aliota hivyo.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Februari 1959 katika Great Hall ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Walichagua chuo kwa sababu ilikuwa moja ya kumbi chache mjini ambamo weusi na weupe wangeweza kutazama kitu kimoja usiku mmoja. Mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuwafungia wanafunzi weusi milango ya vyuo kama hicho. Mimi niliyetoka chuo mwaka wa pili, nikisema nimetoka kwa hiari ilhali ni karo, huwa nafikiria sana hao watu walioruhusiwa kuingia chuoni kuimba tu.

Miongoni mwa waliokaa kutazama usiku wa kwanza alikuwemo Nelson Mandela, aliyekuwa bado ni mshtakiwa katika kesi ya uhaini iliyoanza na watu 156. Wimbo wa kufungua, "Sad Times, Bad Times", una sehemu ya Kixhosa, na waliokijua waliusikia kama unaisema kesi hiyo. Weupe walisikia kwaya tamu. Hiyo ndiyo raha ya kuimba mbele ya ukumbi mchanganyiko: tiketi bei moja, nyimbo mbili.

Sasa rekodi. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Gallo hapo hapo Johannesburg, 1959. Nathan Mdledle, yule mrefu wa kundi la Manhattan Brothers, ndiye King Kong. Mwenzake Joe Mogotsi ni Lucky, kiongozi wa genge. Na Joyce, malkia wa kilabu cha pombe kinachoitwa Back of the Moon, ni Miriam Makeba, hajafika hata miaka 27. Ukitafuta neno la kazi ya Joyce kwa lugha yetu, ni mama pima. Lakini mama pima mwenye viatu vya kisigino, bendi sebuleni, na wanaume wa kila aina wakipanga foleni ya kumfurahisha. Katika bendi kuna Kippie Moeketsi na saksafoni yake, Mackay Davashe, na vijana wawili wenye njaa ya dunia, Hugh Masekela na tarumbeta, Jonas Gwangwa na tromboni.

Kuna kipande cha kwela mle ndani, "Kwela Kong", ambacho nikikisikia miguu haitulii. Filimbi ya bati, ile ya watoto wa mtaani, inakimbia mbele na bendi inaifuata. Kwela maana yake ni panda, na kwela-kwela ndilo jina walilolipa gari la polisi, kwa sababu ndivyo polisi walivyokuambia wakikukamata: panda. Sisi gari hilo tunaliita mariamu. Watu wakilipa kitu jina la utani, ujue wamepandishwa humo mara nyingi. Waafrika Kusini wakachukua neno la kukamatwa wakalicheza ngoma, na sijui mfano bora zaidi wa jinsi mtaa unavyofanya kazi.

Kitu kingine usichokisikia moja kwa moja, lakini ukishakijua hukisahau: kilabu cha Back of the Moon kilikuwepo kweli, Sophiatown. Serikali ilianza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu mwezi wa Februari 1955, malori na polisi wenye bunduki, wakapelekwa Meadowlands. Kufikia 1959 sehemu kubwa ilikuwa vifusi. Kwa hivyo Makeba anapoimba kuhusu mahali pazuri pa kunywa na kucheza hadi usiku wa manane, anaimba kuhusu mahali panapobomolewa. Hasemi. Wimbo hausemi. Ni wimbo wa furaha kabisa. Lakini katika ile rekodi ya Johannesburg nasikia watu wanaomjua huyo mama pima, wamekunywa kwake, pengine bado wana deni lake. Sauti zimebanana, mtu anaingia kabla ya mwenzake kumaliza, bendi inawapa moyo kutoka nyuma. Si rekodi safi. Ni chumba kimejaa.

Sasa, dem wa kwanza alienda wapi.

Kabla ya King Kong, Makeba alikuwa ameonekana kwa dakika chache tu katika filamu ya Lionel Rogosin, Come Back, Africa, iliyopigwa kwa siri Johannesburg. Filamu ikaonyeshwa Venice mwaka wa 1959, naye akasafiri kwenda kuonekana nayo. Akapitia London, akakutana na Harry Belafonte, akaingia New York. Novemba mwaka huo alikuwa kwenye televisheni ya Marekani. Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 Sharpeville. Mama yake alipofariki mwaka huo, Makeba alitaka kurudi kumzika, akagundua pasipoti yake imefutwa. Hakukanyaga nyumbani tena hadi 1990. Miaka 30, kwa ajili ya dakika chache za filamu.

Kwa hivyo Jack Hylton, mwenye maonyesho wa London, alipoupeleka King Kong huko, ulihitajika mtu mwingine wa kuwa Joyce. Akapatikana Peggy Phango. Mchezo ukafunguliwa Prince's Theatre tarehe 23 Februari 1961, na rekodi ikatolewa na Decca. Tarumbeta ya Masekela haimo, alishaenda kusoma nje. Gwangwa, Moeketsi na Davashe walisafiri, na Mdledle bado ni King Kong.

Wapenzi wa muziki huu wengi watakuambia ya London ni nakala iliyopoa. Usikae nayo, haina Makeba. Mimi pia nilisema hivyo kwa mwaka mzima hivi, kwa ujuaji, nikiwa sijaisikiliza hata mara moja hadi mwisho. Ubishi wa mtu wa intaneti.

Nilipoisikiliza, kitu cha kwanza kilichonigusa ni usafi. Kila sauti ina nafasi yake. Maneno ya Kiingereza yamenyooshwa, utasikia herufi za mwisho. Bendi imekaa sawa kama meza iliyotandikwa kwa wageni. Na ndivyo ilivyokuwa, wageni. Johannesburg walikuwa wanamwimbia mtu aliyemjua King Kong kwa sura. Hukuhitaji kuelezwa kwa nini bondia anaringa au kwa nini kilabu kinaogopa polisi. London ilibidi kueleza kila kitu. Nawasikia wanaeleza. Hata vichekesho vinangoja kidogo, kama vile wewe ukimtafsiria mgeni utani wa matatu halafu unamtazama usoni kuona kama umeingia.

Lakini sikiza tarehe. Wiki tatu baada ya kufunguliwa, tarehe 15 Machi 1961, waziri mkuu Verwoerd, akiwa London hiyo hiyo, alitangaza kuwa Afrika Kusini inajitoa katika Jumuiya ya Madola. Mei 31 ikatoka. Hawa waimbaji wakawa wanapanda jukwaani kila jioni katika mji ambamo walikuwa wageni wa jana, na leo ni wageni wa aina nyingine. Nyumbani vyama vyao vilikuwa vimepigwa marufuku tangu mwaka uliotangulia. Kila mmoja, akishafuta vipodozi, alikuwa na hesabu ya kufanya: nirudi au nibaki? Rekodi haisemi hilo. Ila ule usafi ambao nilidhani ni ubaridi, siku hizi nausikia tofauti. Ni watu wanaofanya kazi vizuri kupita kiasi kwa sababu hawajui kesho wataifanyia wapi. Ukishawahi kuwa kwenye probeshoni unajua hiyo sauti.

Na Phango? Masikioni mwangu Joyce wake ni mtu mzima zaidi. Makeba anaimba kama mwenye kilabu anayecheza na wateja wake, anawavuta, anawaacha. Phango anaimba kama mwenye kilabu anayejua hesabu: nani amelipa, nani ataleta fujo, mlango wa nyuma uko wapi. Sitasema ni bora. Sauti ya Makeba ni sauti ya Makeba, tusidanganyane. Lakini kwa Joyce wa Phango niliogopa, na kwa wa Makeba sikuogopa, juu ule utamu ulinisahaulisha hadithi inaelekea wapi.

Hadithi inaelekea hapa: King Kong anamuua. Ndani ya mchezo, kama ilivyokuwa nje. Na hapa ndipo swali la rafiki yangu lilipoanza kunikaa vibaya. Alienda wapi huyo dem. Ukiweka rekodi zote mbili kando kwa kando, kuna jambo halibadiliki: muuaji ni yule yule. Mdledle 1959, Mdledle 1961, sauti nzuri, nene, unamhurumia hata hutaki. Anapewa wimbo wa kifo chake mwenyewe, "Death Song", na ni wimbo wenye heshima. Joyce hana wimbo wa kifo chake. Anaimba kuhusu kilabu, anaimba mapenzi, halafu anaondoka kwenye rekodi na unaweza usigundue ni lini. Mwigizaji wa Joyce akibadilishwa, mchezo unaendelea. Hata kichwa cha mchezo ni cha mwanaume.

Januari 27, 2024 nilikuwa mjini Nairobi na maelfu ya watu, wengi wanawake wa rika langu, tukiandamana kwa sababu ya wanawake waliouawa. Watu walibeba majina kwenye makadi. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja nzima: wataje. Nilirudi nyumbani jioni sauti imekauka, nikaweka King Kong kama kawaida, nikaizima kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Mtu wa 1959 angeniambia huu ni mchezo wa mtu mweusi aliyevunjwa na nchi yake, na angekuwa na haki. Dlamini alivunjwa kweli. Lakini mwanamke aliyeuawa pia alikuwa na nchi hiyo hiyo, na yeye akapata kuwa sababu ya huzuni ya mtu mwingine.

Sijaacha kuzisikiliza. Nimebadilisha tu ninachotega sikio. Siku hizi nasikiliza namfuata Joyce, kutoka wimbo hadi wimbo, na rekodi mbili zinanisaidia kwa njia ambayo moja isingeweza. Kama tungekuwa na ya Johannesburg tu, Joyce angekuwa Makeba basi. Jina kubwa lingemfunika, tungesema "Makeba mchanga" tukaishia hapo. Phango ndiye anayenionyesha kwamba Joyce ni mtu, ana uzito wake hata akivaliwa na mwingine. Inabidi wawe wawili ndipo umwone wa tatu aliye katikati yao.

Na ni bahati kubwa kwamba ziko mbili. Sisi tuna Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa Kamiriithu 1977 hadi serikali ikafuta leseni yake, kisha 1982 ukumbi wenyewe wa wanakijiji ukabomolewa. Kitabu chake ninacho. Sijawahi kusikia hata dakika moja ya wale wakulima na wafanyakazi wakiimba. Nikiusoma najitungia sauti, na najua nazikosea.

Baada ya London watu walitawanyika. Wapo waliorudi. Manhattan Brothers walibaki Uingereza, na Mdledle alifia huko mwaka wa 1995, mwaka mmoja baada ya watu wake kupiga kura. Matshikiza, aliyehamia London na familia yake kabla ya mchezo kufika, hakupata kazi ya muziki iliyomtosha. Akahamia Zambia, akafa Lusaka mwaka wa 1968, hajarudi nyumbani. Mwaka wa 2017 mchezo ulirudishwa jukwaani, Fugard Theatre ya Cape Town, kisha Johannesburg, na watu wakacheza kwenye viti. Makeba alikuja Kenya 1962, mwaka ambao nchi yake haikumtaka, na mwaka uliofuata albamu yake ikawa na "Pole Mze", wimbo wa Kiswahili kuhusu Kenyatta. "Malaika" unajua mwenyewe.

Hayo yote nilimweleza rafiki yangu asubuhi, stima zimerudi, yeye anapiga pasi nguo za kazi. Alisikiliza vizuri kushinda nilivyotarajia. Nikafika kwa Makeba na pasipoti, akatikisa kichwa. Kisha akasimamisha pasi.

"Na yule wa pili?"

Peggy Phango, nikamwambia. Alibaki Uingereza, akaigiza huko miaka mingi, akafa 1998.

"Mweke tena," akasema. "Yeye tu."